Nukta ya Kijani Karibu na Dutwa

Minza Ngassa alikuwa na ngitili kubwa kuliko zote katika kitongoji chake, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Watu wa huko, nje kidogo ya Dutwa, hawakuliona hilo kuwa ajabu, maana walijua mambo yalivyokuja. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, mwenyewe huzuia mifugo isiingie, majani yakue, yachanue, yakaukie hapo hapo yakiwa yamesimama, na kiangazi kikikaza ndipo hufunguliwa. Ile aliifunga Bujiku, mumewe, akaizungushia minyaa na kuweka lango la matawi ya mgunga. Kisha ukaja mwaka ambao lambo la kijiji lilikauka likabaki tope, na Bujiku akaswaga ng'ombe wote kuelekea kusini, upande wa Katavi, pamoja na mtoto wao wa kiume, Salu.

"Natangulia na mifugo," alimwambia mkewe. "Wewe baki na mji. Majani yakirudi, nasi tutarudi."

Mwaka uliofuata majani yalirudi, na Bujiku akaja, peke yake. Akaizunguka ngitili, akang'oa bua moja, akalitafuna, akasema bado hayajakolea. Akaondoka. Alikuja tena safari mbili tatu, kisha safari zikawa simu. Huko Katavi akaoa mwanamke mwingine, na habari hiyo alimpa Minza kwa simu hiyo hiyo, kama mtu anavyotaja kwamba amenunua jembe. Minza akasema amesikia. Angesema nini? Mababa zao wote walioa wake wawili, watatu. Ila wake wa baba yake walikaa mji mmoja, wakigombana na kupatana, na jioni moshi wa majiko yao ulionekana pamoja. Yeye mke mwenzake hakuwahi kumwona hata sura.

Bujiku alipiga Jumapili, si kila Jumapili. Salamu zilikuwa fupi. Baada ya hapo:

"Majani vipi?"

Naye Minza alimweleza. Upande wa kichuguu yamefika magotini. Kule bondeni yameota vizuri lakini magugu yanaingia. Lambo lina maji, mvua ya juzi ilikuwa ya mawe lakini haikuharibu. Bujiku alisikiliza kwa makini sana, na wakati huo, kwa dakika zile chache, Minza alijisikia mke wa mtu.

"Tunza ngitili, Ng'wana Ngassa. Mwakani huenda tukasogea."

Binti yao, Joyness, aliolewa Somanda, Bariadi mjini, na alikuwa na duka dogo la nguo za watoto. Kila alipokuja alimwambia mama yake aje wakae pamoja, chumba kipo. Minza alikwenda mara moja, akakaa juma zima. Asubuhi aliamka akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha akakaa kwenye kigoda akitazama bodaboda zinavyopita. Alirudi nyumbani akisema kwamba hawezi kuacha ngitili bila mtu.

Ndivyo alivyoishi mpaka alipokuja Danford, afisa mifugo wa kata, kijana wa Maswa, mtu wa kicheko cha karibu. Alikuwa akitafuta uwanja ulio wazi, usio na mti wala paa karibu, pa kusimika kipima mvua. Uwanja wa Minza ulimfaa. Alipoona na ngitili, akafurahi zaidi. Akamwachia simu ya mradi na kazi tatu: kila asubuhi saa tatu asome mvua iliyoingia katika kipima mvua na kutuma namba, akiteremka kuchota maji atazame nguzo yenye alama iliyosimikwa katikati ya lambo na kutuma kina, na mara tatu kwa mwezi asimame penye kigingi kimoja kilichopigwa ndani ya ngitili, aelekeze simu kaskazini, apige picha ya majani.

"Satelaiti inaona kutoka juu, mama," alimwambia. "Lakini inataka mtu wa chini wa kuithibitishia. Ikisema hapa pana kijani, wewe unatuonyesha kama kweli ni malisho au ni magugu tu."

Minza aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Kila alipotuma namba, simu ilimjibu papo hapo: *Asante. Taarifa yako imepokelewa.* Alijua kwamba hakuna mtu aliyeyaandika maneno yale wakati huo; Danford alimweleza kwamba ni mtambo. Hata hivyo aliyasoma kila asubuhi, hata siku ambazo alituma sifuri, kabla ya kuwasha moto wa chai.

Halafu ukaja mwaka wa sifuri.

Mvua za mwezi wa kumi hazikuonekana. Mwezi wa kumi na moja yalikuja mawingu mazuri, meusi, yakapita juu yao yakienda kunyesha ziwani upande wa Lamadi, na wao wakabaki na upepo wa vumbi. Waliopanda pamba mapema walipoteza mbegu. Lambo likarudi nyuma siku baada ya siku, mpaka nguzo ya Danford ikasimama juu ya tope lililopasuka vipande kama vigae, na maji yakabaki upande mmoja tu, karibu na tuta, yenye rangi ya maziwa ya mtindi yaliyomwagikia udongo. Ng'ombe walikonda. Kwanza ilionekana mifupa ya nyonga, halafu mbavu, halafu wakaanza kulala wakiwa malishoni na kushindwa kuinuka.

Katika ngitili ya Minza majani yalikuwa yamesimama. Yalikuwa makavu, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, lakini yalikuwa mengi, na chini yake, kule bondeni, palikuwa bado na ubichi.

Jirani yake wa karibu alikuwa Ernestina, mjane, aliyekuwa na maksai wawili wa kulimia na ng'ombe jike watatu. Walikuwa marafiki tangu wakiwa mabibi harusi. Kila mwaka walikata pamoja viazi vya michembe, vya kuanika juani, siku kwa Ernestina, siku kwa Minza, wakizungumza mpaka mikono ikachoka kabla ya midomo. Mwaka ule viazi havikuwapo. Ernestina alikuwa akipita na ng'ombe wake kando ya ua wa minyaa, akitazama mbele, na Minza alikuwa akitoka kumsalimia.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, Minza."

Na Ernestina hakusema lolote kuhusu majani. Heshima ilimzuia. Minza naye hakusema lolote, na kitu alichokiita heshima kwa upande wake, moyoni alijua kina jina lingine.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Danford aliitisha mkutano katika darasa moja la shule ya msingi. Alikuja na karatasi kubwa, akaibandika ubaoni kwa gundi. Ilikuwa ramani ya kata nzima, alivyosema, jinsi uoto unavyoonekana kutoka angani. Rangi ya kahawia ilikuwa malisho yaliyokwisha, nyekundu ilikuwa ardhi tupu. Watu walisogea, wakatafuta vitongoji vyao, wakaonyeshana barabara ya Lamadi, mto uliokauka, shule waliyokaa ndani yake. Kote kulikuwa kahawia na nyekundu, kama ngozi iliyoanikwa. Palikuwa na nukta moja tu ya kijani.

"Na hapa?" akauliza Mayunga, mwenyekiti wa kijiji, akiweka kidole.

Danford akatabasamu. Alikuwa akilingojea swali hilo. "Hapo ni kwa mama Minza. Nataka wote mjifunze kwake. Huu ndio uhifadhi. Mkoa mzima wameiona nukta hii, wakaniuliza ni nini."

Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja alikohoa. Watu wote walijua ngitili ile ilipo, walikuwa wakipita kando yake kila siku. Lakini ni jambo moja kupita kando ya ua, na jambo lingine kuona uwanda wote wa nchi yenu umeungua na katikati yake kipande cha mtu mmoja kinang'aa. Minza alikuwa amekaa dawati la nyuma na wanawake wengine. Hakugeuza shingo. Alihisi macho yao shavuni kama joto la jiko.

Danford aliona kimya kile, akadhani watu wamechoka, akafunga mkutano. Minza alirudi peke yake. Kwa kawaida wanawake wa upande ule walirudi pamoja, wakijaza njia nzima. Siku hiyo walimwacha atangulie, na kila alipopunguza mwendo, nao walipunguza.

Ernestina alikuja siku ya pili yake, mchana. Hakutaka kukaa.

"Sikuja kuomba ng'ombe wote waingie," alisema. "Maksai tu. Hawa wakifa, mvua ikija nitalima na nini? Na yule mwekundu anayenyonyesha. Siku chache, Minza."

"Si yangu, Ernestina. Ni ya Baba Joyness."

"Basi mwulize."

Minza akampigia Bujiku, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumpigia yeye. Alieleza yote. Alisikia ng'ombe wakilia nyuma ya sauti yake, ng'ombe wanono kwa mlio wao, na mtoto akicheka.

"Ngitili si ya kijiji," Bujiku alisema. "Ukimfungulia mmoja umewafungulia wote. Mimi mwaka huu huku maafisa wanatusumbua, huenda nikasogeza kundi huko. Nikikuta vumbi, nitakula vumbi? Mwambie hapana."

"Utakuja lini?"

"Nitakuja. Tunza majani."

Minza akamwambia Ernestina hapana. Ernestina aliitikia kwa kichwa, akafunga vizuri khanga yake kiunoni, akaenda. Tangu siku hiyo hakupita tena kando ya ua. Alizungukia mbali, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemtukana Minza, hakuna aliyemrushia jiwe. Lamboni walimpisha achote wa kwanza, jambo ambalo hufanyiwa mgeni au mtu mwenye msiba, kisha wakaendelea na mazungumzo yao alipokwisha kuondoka. Ikawa siku nzima hupita bila yeye kutumia sauti yake. Asubuhi alituma sifuri. Simu ikamshukuru.

Yule ng'ombe mwekundu alijivuta mwenyewe mpaka upande wa pili wa ua, akafa, amelaza kichwa kuelekea kwenye minyaa. Pengine alikuwa amesikia harufu ya majani. Minza alimkuta Ernestina na mwanamume mmoja wakimchuna, na ndama amefungwa kando akiita. Alisimama pale. Akarudi nyumbani.

Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya kupiga picha. Aliingia ngitilini, akasimama penye kigingi, akainua simu. Kwenye kioo, nyuma ya majani yaliyosimama vizuri na mbali kidogo nyuma ya ua, alimwona Ernestina. Mmoja wa maksai wake alikuwa amelala chini, na Ernestina alikuwa amepitisha mti chini ya tumbo lake, bega lake limeshika ncha moja, akisukuma. Hapakuwa na mtu wa kushika ncha ya pili.

Minza aliteremsha simu. Akapita langoni, akaenda, akashika ncha ya pili bila salamu. Walisukuma. Maksai akainua matako, akatetemeka, akarudi chini. Walipumzika, wakasukuma tena. Mara ya tatu alisimama, miguu ikiwa mbali mbali kama ya meza mbovu, na wanawake wale wakabaki wamemwegemea ubavuni kila mmoja upande wake, asije akaanguka.

"Nilikusikia siku ile," Minza alisema kutoka upande wake. "Nilikusikia vizuri."

"Najua."

"Mwongoze. Lango liko wazi."

Ernestina hakusogea mara moja. "Na Baba Joyness?"

"Hayupo," alisema Minza.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mayunga. Alisema anafungua ngitili, ila kwa utaratibu, asije mtu akaswaga kundi zima: maksai wa kulimia kwanza, ng'ombe wanaonyonyesha, na wale wasioweza kusimama, asiye na ng'ombe akate mzigo wa majani auze au ampe ndugu yake.

"Ungekuja mwezi uliopita, Mama Joyness, wangu wanne wangekuwa hai," Mayunga alisema. Alikuwa na ng'ombe wanne waliokufa, na hakusema kwa hasira. Kisha akamshukuru, "Wabeja. Nitawaambia watu."

Walikuja. Kwa siku zile chache ngitili ilikuwa na sauti, kengele, filimbi, watu wakiitana majina ya ng'ombe. Minza alisimama langoni na kuhesabu wanaoingia wasizidi. Wengine walimsalimia, wengine walimpita kana kwamba yeye ni sehemu ya lango. Majani yaliisha haraka kuliko alivyofikiri. Siku ya picha alisimama tena penye kigingi, akaelekeza simu kaskazini, akapiga picha ya ardhi, visiki na kinyesi cha ng'ombe. Akaituma.

Danford alipiga siku hiyo hiyo. "Mama, nukta imepotea. Kuna moto?"

"Hakuna moto. Wamekula ng'ombe."

Danford hakuwa mjinga. Pengine alikuwa ameyasikia mengine tangu ule mkutano. "Ile ramani," alisema mwishowe, "sikupaswa kuileta vile."

"Ramani haikusema uongo, baba," Minza alisema.

Bujiku alipiga Jumapili.

"Majani vipi?"

"Yamekwisha. Niliwafungulia watu."

Aliuliza nani alimruhusu. Minza alisema hakuruhusiwa na mtu. Bujiku alisema maneno mengi, mengine mazito, na Minza aliyasikiliza yote amekaa kizingitini, simu ameiweka mbali kidogo na sikio. Mwishowe Bujiku akasema, "Basi huko sina tena cha kurudia."

Minza alitazama uwanja wake. Alisubiri maumivu ya neno lile yafike, kama mtu aliyejikata anavyosubiri damu, na yalipofika hayakuwa mapya. Yalikuwa yale yale aliyoyazoea.

"Sawa, Baba Joyness," alisema. "Wasalimie watoto."

Bujiku hakupiga tena. Na jambo ambalo Minza hakulitarajia ni kwamba alizikosa Jumapili zile. Alikuwa akijikuta, akiwa anatembea, anapanga maneno: upande wa kichuguu hivi, bondeni vile, kisha anakumbuka kwamba hakuna wa kumweleza. Siku moja namba asiyoijua ilipiga. Alikuwa Salu. Sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya mwanamume. Aliondoka nyumbani sauti yake ikiwa bado ya kitoto. Alisema baba amekasirika, na yeye amepiga kwa siri.

"Mayu, mama yangu, hali yako?"

"Lambo bado," Minza alisema. "Ila upepo umegeuka, na..."

"Nakuuliza wewe, mayu."

Minza akaibana simu sikioni. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka salio la Salu likaisha na simu ikakatika.

Mvua ilikuja mwezi wa pili, imechelewa, lakini ilikuja kwa nguvu. Asubuhi ya kwanza kipima mvua kilikuwa kimejaa kupita nusu, na Minza alisoma mara mbili kabla ya kutuma. Watu walilima mtama na choroko, vitu vya msimu mfupi, kwa maksai waliobaki. Ernestina alimletea wake bila kuombwa. Alilima shamba la Minza lote kwa asubuhi mbili, akimwongoza yule maksai aliyekuwa ameanguka, na walipomaliza alikunywa uji akiwa amesimama.

"Kaa kidogo," Minza alimwambia.

"Kazi ni nyingi," alisema Ernestina, na ilikuwa kweli. Lakini zamani kazi ilikuwa nyingi pia, na walikuwa wakikaa. Ndama wa yule mwekundu naye alikufa, na baina yao jambo hilo lilibaki pale lilipo, halikutajwa, halikuondoka. Walisalimiana kila asubuhi. Hilo lilirudi.

Joyness alikuja kutoka Somanda, akaona mama yake amekonda, akasema safari hii hakubali, lazima waondoke wote. Minza akamwomba avune kwanza. Alipovuna choroko akaziuza, na badala ya kufunga mizigo akaenda mnadani Dutwa, akazunguka kutwa nzima kati ya ng'ombe na vumbi, akifungua midomo yao kutazama meno, mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye fimbo. Jioni alirudi akiburuta mtamba mdogo mweusi mwenye baka jeupe usoni. Hakuwa mzuri sana. Ndiye aliyemmudu kwa bei.

Majani ya ngitili, yaliyoliwa hadi mizizini, yalikuwa yakirudi polepole, laini, bado mafupi, na kwa sheria ya ngitili hakupaswa kumwingiza. Akamfunga nje ya ua, penye nyasi za njiani, akakaa karibu naye. Mtamba alikula bila kuinua kichwa. Watu waliotoka mashambani walipita, wakamwangalia mnyama, wakamwangalia mwenyewe.

"Mwadila, Mama Joyness. Wa nani huyo?"

"Wangu," alisema Minza.

Wakapita. Aliwatazama mpaka wakapotelea kwenye kona ya shule, kila mtu akielekea kwake. Kisha akainuka, akafungua kamba, akamswaga mtamba wake kuelekea lamboni, maana maji yalikuwa yamerudi hadi alama ya tatu na jua lilikuwa bado halijazama.